Gari la Kulala Njiani

4 Februari

Shemeji,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu juu ya bahasha. Nimekupigia simu wiki mbili mfululizo, inaita mpaka inachoka. Nikaona nirudie njia ya zamani.

Mimi ni mzima. Nyumba ipo. Tangu kaka yako atutoke ni mwaka na miezi mitatu, na bado napika chakula cha watu wawili, halafu kesho yake nakula kile kile. Desemba nimestaafu. Shule ilinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Saa nimeitundika. Hotuba nimeisahau.

Nina jambo linalokuhusu wewe kama fundi. Nataka kununua gari. Si la kwendea sokoni. Nataka lililotumika, la bei ninayoiweza, lisilonitupa njiani, nilipeleke mbali kwenye barabara za vumbi na nilale humo humo, au kando yake kwenye hema. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Lile ziwa la chumvi nimelichora ubaoni zaidi ya mara mia, na milima inayolizunguka, na jangwa lililo nyuma yake. Sijafika hata kimoja. Mimi na marehemu kila mwaka tulikuwa tukisema, "Tukistaafu." Yeye hakufika kustaafu.

Usiwe na wasiwasi, sitakuwa peke yangu. Tuko walimu watatu wastaafu, wanawake tupu wenye magoti mabovu.

Mwanangu huko ng'ambo anasema nimechanganyikiwa. Wewe nakuomba usiseme hivyo. Niambie tu ninunue nini.

Shemeji yako,
Mwalimu


15 Februari

Shemeji Mwalimu,

Samahani kwa alama za oili kwenye karatasi. Mikono ya fundi hata uioshe vipi haitakati. Simu yangu ni mbovu. Andika tu, barua ni nzuri.

Hujachanganyikiwa. Waliochanganyikiwa ndio wanaokuja hapa gereji, wamenunua gari kwa sababu ya rangi.

Sikiliza. Kwanza, usinunue gari la picha, lile lenye ngazi na mataa juu. Nunua gari linalojulikana huko unakokwenda. Ukiharibikiwa mbali, uzuri wa gari haukusaidii kitu, utauliza kama mji wa karibu una spea na mtu anayelijua. Angalia magari yanayobeba maziwa na saruji huko ndani, ununue ndugu yao. Pili, uliza nani alikuwa nalo. Mtu mmoja aliyelitunza miaka kumi na tano ni bora kuliko watano waliolipitia mwaka mmoja mmoja. Kilomita nyingi si dhambi kama daftari la matengenezo lipo. Tatu, ingia chini yake. Beba gunia, ulale chali, uchukue bisibisi uchomechome. Kutu ya mlango ni sura tu. Kutu ya chesisi ni mfupa.

Na usimalize akiba yote kwenye kununua. Bakiza ya tairi, mikanda na betri. Gari kuukuu ni kama mgeni, halishindi na njaa.

Kwa barabara za vumbi peke yake ningekwambia gari lolote lililonyanyuka litatosha. Lakini ziwa la chumvi lina tope pembezoni, kwa hiyo tafuta linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Watatu mtalala vipi? Niandikie urefu wa kila mmoja.

Shemeji yako,
Fundi


2 Machi

Shemeji Fundi,

Nimeingia chini ya gari. Mimi, na umri huu, nimelala juu ya gunia nyuma ya duka la matairi, na gauni langu la kufundishia.

Lilikuwa jeupe, limenyanyuliwa juu kama kitanda cha hospitali. Hema limefungwa juu ya paa, taa sita mbele, jokofu dogo nyuma, na bei yake ya kushangaza kwa udogo. Muuzaji alivaa miwani myeusi na kila sentensi ananiita "mama yangu" mara tatu. Mtu anayekuita mama yake kabla hajakuuliza habari za asubuhi, mwogope. Niliona chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi, inang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu. Nikachomeka bisibisi yako. Ikazama kama kijiko kwenye papai.

"Mama yangu, hiyo ni kawaida," akasema.

"Kawaida ya nini?" nikamuuliza. Nikakunja gunia langu.

Niliporudi nyumbani nilicheka sana, nikiwa nimesimama jikoni. Kisha nikaisikia sauti yangu jinsi ilivyokuwa peke yake.

Urefu wa wenzangu weka tu wa kawaida.

Shemeji, nikuulize jambo, na siulizi kwa ubaya. Siku ya mazishi uliondoka kabla watu hawajatawanyika. Nilikutafuta. Kulikuwa na nini?

Mwalimu


13 Machi

Shemeji,

Hapo kwa bisibisi umefanya kazi ya fundi. Laiti wote wangekuwa kama wewe, ningekosa wateja.

Sasa injini. Nenda asubuhi, likiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla halijawashwa. Kama ni la moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, na anayo sababu. Likiwaka, tazama moshi. Wa buluu linakula oili. Mweupe usioisha, maji yanaingia kusikotakiwa. Mweusi kidogo kwa dizeli, samehe. Chomoa kijiti cha oili, usugue oili kwa vidole viwili. Ukikuta chengachenga, shukuru na uende zako.

Halafu, na hili ndilo kubwa, weka kiganja wazi juu ya boneti injini ikinguruma, kisha ushike gia, kisha usukani. Hesabu mpaka mia. Gari zima hutetemeka sawasawa, kama paka aliyelala. Gonjwa hukurukia mkononi. Usitegemee masikio. Muuzaji mjanja anatia oili nzito injini inyamaze. Mkono haudanganywi.

Siku ya mazishi nilikuwa na safari.

Bado hujaniandikia mtalala vipi watu watatu.

Fundi


9 Aprili

Shemeji,

Barua hii naiandika nikiwa na hasira, na sitaisoma tena kabla ya kuituma.

Jana nililipata gari letu. La kijivu, la dizeli, magurudumu manne yanavuta. Mwenyewe ni mchimba visima aliyestaafu, amekuwa nalo miaka kumi na saba. Daftari lake lina kila mkanda na kila chujio, kwa mwandiko mdogo kama wangu. Chini ni pakavu, pagumu. Bisibisi iligonga ikarudi. Boneti lilikuwa baridi. Moshi, mzuri. Nikaweka kiganja, nikahesabu mpaka mia.

Lakini kulikuwa na mlio, mbele, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mchimba visima alisema hajui ni nini, ulianza mwezi uliopita, na sikumshuku kwa sababu alisema hajui. Mnunuzi mwingine alikuwa amekaa ukutani anangoja niamue. Nikakupigia ili uusikie mlio kwenye simu. Nilikupigia mara tisa, shemeji. Iliita mara zote tisa. Simu mbovu haiiti.

Sikuthubutu. Nikamwambia mchimba visima ampe yule mwingine.

Nimerudi kwa miguu ili nisikae na watu. Na njiani nikajiambia ukweli, kwamba huyu mtu hataki kuisikia sauti yangu. Siku ya mazishi nilikuuliza swali moja, ukanijibu neno moja, ukaondoka. Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Kama ndivyo unavyoniona, ungesema tangu mwanzo, usingenifundisha habari za moshi.

Mwalimu


6 Mei

Shemeji Mwalimu,

Barua hii nimeianza mara nne. Nitaanza na masikio.

Sisikii. La kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita, la kulia likalifuata, na mwezi ule kaka alipolazwa hospitali lilikuwa limebaki na mvumo tu, kama maji ndani ya bomba. Sasa hata mvumo haupo. Daktari alisema ni miaka yote ile ya nyundo na injini. Fundi asiyesikia injini ni kama mpishi asiye na ulimi. Nikificha nina kazi, nikisema sina. Kwa hiyo nimeficha. Hapa gereji mtu akizungumza nami natazama midomo, nikishindwa nacheka, na wakicheka nacheka pia. Chakula cha mchana nakula ndani ya gari la mteja, najifanya nakagua nyaya.

Kaka peke yake alijua. Tulikuwa tukiandikiana kwenye karatasi. Alipokwenda, hakuna mtu aliyebaki wa kuongea naye.

Siku ya mazishi watu walikuwa wakinijia wanachezesha midomo na mimi naitikia kwa kichwa. Kisha ukaja wewe. Ulikuwa na kitambaa mdomoni, unalia, sikuona hata neno. Ulisema kitu kirefu. Nikasema, "Ndiyo." Nikaona uso wako, nikajua kwamba "ndiyo" halikuwa jibu. Nikaona haya, nikaondoka. Sijui uliniuliza nini. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile.

Simu si mbovu. Ilikuwa mfukoni, niliihisi ikitetemeka pajani mara tisa. Nilijua ni wewe, na nilijua unataka nisikie gari. Nilikaa chini ya lori mpaka ikaacha.

Nisamehe kwa gari la kijivu. Na kwa lingine lolote lile.

Fundi


14 Mei

Shemeji yangu,

Nilikuuliza hivi: "Je, nilikosea kukubali afanyiwe upasuaji?"

Nawe ukasema ndiyo.

Nimekaa na "ndiyo" hiyo mwaka mmoja na nusu. Nimelala nayo, nimefundisha nayo. Nilisahihisha mitihani ya darasa zima nikiwa nayo kifuani. Niliposoma barua yako niliiweka mezani nikatoka nje, nikasimama kwenye geti mpaka jirani akaniuliza kama nimefungiwa mlango. Sikulaumu. Nilikuwa na kitambaa mdomoni. Lakini sasa nataka kuuliza upya, kwa wino, usome vizuri. Je, nilikosea?

Na kwa kuwa umesema lako, na mimi niseme langu. Hakuna walimu watatu. Mmoja nilimzika kabla ya marehemu, na mwingine anaishi kwa mwanawe na hatoki tena nje. Niliwataja ili usinizuie. Godoro nililopima ni moja. Hapo kwenye urefu ulinibana kweli kweli.

Halafu, gari. Jana mchimba visima amekuja mwenyewe mpaka kwangu. Yule mnunuzi hakurudi. Gari lipo chini ya turubai, linasaga meno vile vile. Nimemwomba anisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Amesema wanawake wanaoingia chini ya gari na gunia lao ni wachache, atasubiri.

Njoo uliguse.

Mwalimu


20 Mei

Shemeji,

Hukukosea.

Nilikaa na kaka Jumapili kabla ya upasuaji, wewe ulikuwa umekwenda kuoga nyumbani. Aliniandikia nyuma ya kadi ya dawa: "Nimemwambia akubali. Ananiogopea. Mimi sitaki kungoja nikiwa nimelala." Kadi ninayo, nitakuletea. Ningejua swali lako ningekupa siku ile ile. Ulifanya alichotaka.

Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi. Usinipokee kwa maneno mengi. Andaa daftari na kalamu.

Fundi


3 Juni

Shemeji Fundi,

Nyumba imekuwa kubwa tena tangu basi lako liondoke. Siku mbili zile ilikuwa na ukubwa wake.

Nimekuandikia ili nikwambie ulichofanya, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho. Uliweka viganja vyote viwili juu ya boneti, na mchimba visima akavua kofia, sijui kwa nini. Ukahama kidogo kulia, ukainama, ukagusa kwa ncha ya spana ndefu, na ncha nyingine ukaibana kwenye meno yako. Nilidhani umechanganyikiwa sasa wewe. Kisha ukasema, kwa sauti kubwa kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, "Beringi ya pampu ya maji. Ni kitu kidogo." Majirani watatu walitoka kuangalia.

Mchimba visima akatoa gharama ya pampu kwenye bei ya gari bila kuambiwa. Nikatia sahihi juu ya boneti.

Pampu uliyoifunga haitoi hata tone. Seremala amenitengenezea kitanda cha mbao, chini yake nimeweka maji, jiko la gesi, sanduku la spana ulizoniachia, na mikanda miwili ya akiba. Nimelala humo mara moja, hapa uani, kujaribu. Mgongo haukulalamika.

Nilipokuandikia kwenye daftari, "Twende wote," ulitikisa kichwa, ukaandika kwamba kiziwi porini ni mzigo. Sikubishana, ulikuwa unawahi basi. Lakini sikubali.

Kadi ya kaka yako nimeisoma. "Ananiogopea." Alikuwa ananijua.

Naondoka Jumatatu.

Mwalimu


27 Juni

Shemeji,

Nimefika. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mlango wa nyuma, miguu inaning'inia. Ziwa liko mbele yangu.

Si kama nilivyolichora. Nililichora la buluu, maskini watoto wa watu. Ni la kijivu na jeupe, maji yameanza mbali sana, na linanuka yai bovu. Nililifundisha umbo la figo. Ukiwa kando yake halina umbo lolote, ni mwanga tu ambao macho hayauwezi. Nilisimama hapo, nikageuka kumwambia mtu, "Kumbe hivi?" Maneno yalikuwa yametoka tayari. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na gari, na nyayo zangu kutoka kwenye gari.

Nililia, nisikufiche. Nililia kuliko nilivyolia kwenye mazishi, kwa sababu hapa hakuna wa kunishika mkono na kuniambia basi. Nilipomaliza nilikuwa na njaa, nikapika chakula cha mtu mmoja. Nilikipima sawasawa. Hicho kilinishangaza kuliko ziwa.

Gari ni zima. Pancha moja, wiki ya pili. Nilinyanyua kwa jeki, nikakanyaga spana kwa mguu kama ulivyonionyesha, nati zikalegea. Nusu saa baadaye dereva wa lori la saruji akasimama. Akazunguka gari, akasema, "Hili tunalijua sisi. Nani alikuchagulia?" Nikasema shemeji yangu. Akakaza nati ambazo nilikuwa nimeshakaza, kwa heshima tu, akaenda. Tangu hapo hadi leo, siku sita, sijazungumza na mtu mwingine.

Nyumbani upweke una viti. Kila kiti nakijua alikikalia nani. Huku hauna viti, umetandazwa tu, na ninaweza kuutazama. Sijui kama ni bora. Nimechagua kubaki siku tatu zaidi nijue.

Barua nitamkabidhi dereva yeyote anayekwenda mjini.

Mwalimu


12 Julai

Shemeji Mwalimu,

Barua yako imefika ina vumbi jeupe ndani. Natumai hii itakukuta umerudi.

Nimeisoma ndani ya gari la mteja wakati wa chakula cha mchana, nikafika pale ulipoandika umekwenda siku sita bila kuzungumza na mtu. Nikahesabu za kwangu. Ukiondoa zile mbili za kwako, mimi nina mwaka na zaidi, na ninafanya kazi na watu sita.

Nikatoka. Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula. Nikasimama mbele yao nikasema, sijui kwa sauti gani, "Mimi sisikii. Ni muda mrefu sasa. Kama mnataka niondoke, semeni, lakini andikeni." Wakatazamana. Fundi rangi, tuliyeanza naye kazi tukiwa hatuna hata ndevu, akaweka sahani chini, akachukua chaki, akapiga magoti akaandika sakafuni: TUNAJUA.

Nikasoma mara mbili. Akaongeza chini yake: TANGU MWAKA JUZI. TULINGOJA USEME.

Ndipo nikaelewa kwa nini fundi umeme hugonga benchi kwanza kila anapotaka kitu, nikahisi kwenye kiwiko na kugeuka. Kwa nini lori likirudi nyuma kuna mtu anasimama kati yangu nalo. Nilidhani ni mazoea yao. Mimi nikijificha ndani ya magari, wao wananilinda.

Nikakaa juu ya tairi. Fundi umeme akanisogezea sahani yake, tukala pamoja, na hawakuongea ili nisione midomo nikahangaika. Ilikuwa aibu na ilikuwa raha, sijui nikuandikieje.

Mwezi wa nane gereji inafungwa siku kumi. Kupika sijui, na nikilala nakoroma, watu waliniambia zamani, siku hizi siwezi kuhakikisha. Tope la pembezoni mwa ziwa usilijaribu peke yako. Hema ninalo, nitalala nje, wewe ulale kitandani kwako.

Niandikie mji wa mwisho ambako basi linafika, nikate tiketi.

Fundi